Saa ya kumpima panya na kiwango cha serotonini: jibu kwa mwanafunzi wa uzamili

«Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilitumia panya weupe 24 kuchunguza iwapo dutu fulani ya mmea inabadilisha kemikali mbili za ubongo, yaani serotonini ya haipothalamasi na dopamini ya striatamu. Taa za chumba cha wanyama huwaka saa 12 asubuhi na kuzimika saa 12 jioni. Siku ya mwisho niliwaua panya 12 wa kundi linganishi kuanzia saa 3 asubuhi na kutoa ubongo wao, kisha nikafanya vivyo hivyo kwa 12 waliopewa dutu, kati ya saa 9 na saa 11 alasiri. Nilipata tofauti kubwa ya serotonini, lakini mtahini mmoja anasema matokeo yote yanatia shaka kwa sababu ya saa. Nilidhani homoni ya melatonini pekee ndiyo inayofuata mchana na usiku. Isitoshe, panya hawa hawajawahi kuona jua; wanajuaje kwamba ni asubuhi au alasiri? Usiku niliingia mara kadhaa kuwatazama kwa tochi ya simu, kwa dakika chache tu. Je, mtahini anakuza mambo? Kama ana haki, naweza kurekebisha kwa takwimu, au kuchukulia tu kwamba usiku wa panya ni mchana wa binadamu na kuendelea?»

Mtahini wako hakuzi mambo, na ni heri nikwambie hivyo mapema kuliko kukuzungusha. Hofu yako, nikiielewa vizuri, ni kwamba kazi ya muda mrefu inaweza kukataliwa kwa sababu ya pengo la saa sita au zaidi kati ya kundi moja na jingine. Pengo hilo si dogo. Kwa panya anayeishi chini ya taa zinazowaka saa 12 asubuhi, saa 3 asubuhi ni wakati ambao kwa kawaida amejikunja na kulala fofofo, ilhali ifikapo saa 11 mwili wake umeshaanza kujiandaa kuamka, kula na kuzunguka usiku kucha. Umelinganisha, kwa hiyo, wanyama waliotofautiana kwa mambo mawili kwa pamoja: dutu waliyopewa, na hatua ya siku yao waliyokuwa wamefikia. Hilo halimaanishi kwamba dutu yako haifanyi kazi. Linamaanisha kwamba jaribio, kwa jinsi lilivyopangwa, haliwezi kusema ni kipi kati ya hivyo viwili kilicholeta tofauti uliyoiona.

Nianze na swali la jua, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine. Panya hahitaji jua. Anahitaji tofauti ya mwanga na giza, na hata hiyo anaihitaji kwa ajili ya kurekebisha saa ambayo tayari anayo mwilini, si kwa ajili ya kuiendesha. Ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, kuna vishada viwili vya seli za neva, kila kimoja kikiwa na seli takriban 10,000, viitwavyo nyukliasi za suprakiasmatiki. Mwaka 1972 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, kila moja kwa njia yake, yaliviharibu vishada hivyo katika panya. Kundi moja liliona kupanda na kushuka kwa kotikosteroni, homoni ya fadhaa, katika tezi za adrenali kumetoweka. Jingine liliona panya wakinywa maji na kutembea saa zote bila mpangilio wowote wa mchana na usiku.

Uthibitisho ninaouona kuwa mzuri kuliko yote ulikuja mwaka 1990. Walikuwapo hamsta wenye badiliko la kijeni linaloifupisha siku yao hadi saa 20 hivi. Vishada vyao vilipopandikizwa katika ubongo wa hamsta wa kawaida ambao vishada vyao vilikuwa vimeharibiwa, mdundo uliorejea ulikuwa na urefu wa siku ya mtoaji, si wa mpokeaji. Ndani ya kila seli ya vishada hivyo, jeni kama Per na Cry huzalisha protini ambazo baadaye hurudi na kuzizima jeni zilezile zilizozizalisha, na mzunguko huo huchukua karibu siku nzima. Ugunduzi wa utaratibu wa aina hiyo katika nzi wa matunda ndio uliowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017.

Taa za dari ndizo zinazoiweka saa hiyo sawa kila siku. Katika retina zipo seli chache zenye protini ya melanopsini, ambazo huitikia zaidi mwanga wa buluu wa urefu wa mawimbi karibu na nanomita 480, na hupeleka habari moja kwa moja kwenye vishada nilivyovitaja. Ndiyo maana watafiti wa fani hii hawaandiki saa ya ukutani peke yake. Huhesabu kuanzia taa zinapowaka, na hapo ndipo sifuri ilipo. Kwa ratiba ya chumba chako, hesabu hiyo inakubaliana kabisa na saa tunazozitaja kwa Kiswahili: saa 3 asubuhi ni saa ya 3 ya mwanga, na saa 11 jioni ni saa ya 11. Ni nafuu ndogo ambayo wanaoanza kuhesabu usiku wa manane hawana, nami nakushauri uitumie katika tasnifu yako.

Kuhusu melatonini, umeshika ukweli nusu. Ni kweli kwamba tezi ya pineali, iliyo ndani ya ubongo, huitoa usiku na karibu kuiacha kabisa mchana. Lakini melatonini hutengenezwa kutokana na serotonini, na kimeng'enya kinachoanzisha ubadilishaji huo, N-asetiltransferasi, huongezeka utendaji makumi ya mara usiku katika pineali ya panya. Matokeo yake ni kwamba serotonini ya pineali huwa juu mchana na kushuka sana usiku, inapotumika. Jambo hili lilielezwa na W. B. Quay mwaka 1963, na mwaka 1965 Solomon Snyder, Julius Axelrod na wenzao wakaonyesha kwamba mdundo huo huendelea hata kwa panya waliopofushwa. Kwa hiyo serotonini, kemikali uliyodhani haijali saa, ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuonyeshwa kwamba zinaijali.

Usikimbilie, hata hivyo, kuchukua mchoro wa pineali na kuubandika juu ya haipothalamasi, kwa maana hizo ni tishu mbili zenye kazi mbili. Wala usidhani kwamba melatonini ndiyo inayoziongoza kemikali nyingine. Panya wadogo (spishi nyingine, si watoto wa panya) wa ukoo wa C57BL/6, wanaotumiwa kwa wingi katika maabara za dunia nzima, wana kasoro ya kijeni inayowafanya karibu wasitengeneze melatonini, na bado huamka, hulala na hukimbia kwenye gurudumu kwa utaratibu ulionyooka kabisa.

Kila kemikali ina kinachoisukuma. Neva za serotonini zilizo katika raphe, eneo la shina la ubongo, hutoa mipigo mingi mnyama akiwa macho, hupungua akilala usingizi wa kawaida, na karibu hunyamaza kabisa katika usingizi wa ndoto. Hapo kinachotawala kwanza ni hali ya kuwa macho au kulala, na saa hufanya kazi kupitia hali hiyo. Adenosini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo hufuata muda ambao mnyama amekesha: mwaka 1997 ilionyeshwa kwa paka kwamba huongezeka katika sehemu ya chini ya mbele ya ubongo kadiri wanavyozuiwa kulala, kisha hushuka wanapoachwa wapumzike, na kafeini hututia uchangamfu kwa kuziba vipokezi vyake. Dopamini iliyo nje ya seli katika striatamu, eneo la ndani ya ubongo, ya panya huwa juu zaidi usiku kuliko mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliihusisha tofauti hiyo na kisafirishi kinachoirudisha dopamini ndani ya neva, kwa kuwa wanyama wasio na kisafirishi hicho hawakuonyesha mdundo huo.

Nikutajie kotikosteroni kwa urefu kidogo, maana inagusa jaribio lako moja kwa moja. Katika panya homoni hii huwa chini asubuhi na hupanda alasiri hadi kufikia kilele karibu na kuzimwa kwa taa. Panya wako wa saa 3 asubuhi walikuwa kwenye kiwango cha chini, na wale wa saa 9 hadi saa 11 walikuwa wanapanda kuelekea kileleni. Katika panya imeonyeshwa pia kwamba utendaji wa jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza serotonini katika raphe una mdundo wa siku, na kwamba mdundo huo hutegemea kupanda na kushuka kwa kotikosteroni. Kwa hiyo ipo njia inayojulikana, isiyohusiana hata kidogo na mmea wako, ambayo saa pekee ingeweza kuibadilisha serotonini uliyoipima. Tena kundi lako la pili lilikaa likisubiri kwa saa kadhaa huku vizimba vya jirani vikiondolewa. Hiyo nayo ni fadhaa ambayo kundi la kwanza halikuipata.

Kuna jambo jingine ambalo mtahini hakulitaja, nami ningelitaja kama ningekuwa mezani pake. Nachukulia kwamba ulisaga tishu na kupima jumla ya serotonini iliyomo. Sehemu kubwa ya kemikali hiyo imehifadhiwa katika vifuko vidogo ndani ya neva na haijatolewa kwa seli nyingine. Kupima jumla hiyo na kudai kwamba umepima utendaji wa serotonini ni sawa na kuhesabu magunia yaliyobaki ghalani na kudai kwamba umejua mauzo ya leo: ghala linaweza kujaa kwa sababu mazao yameongezeka au kwa sababu wanunuzi hawakuja. Ndiyo maana kilele cha kiwango cha tishu na kilele cha kiwango kilichotolewa nje ya seli vinaweza kuangukia saa tofauti katika siku moja, bila ya kipimo chochote kuwa na kosa. Mashine yako ya kromatografia huenda ilitoa pia kiwango cha 5-HIAA, ambalo ni zao la kuvunjwa kwa serotonini. Uwiano wa 5-HIAA kwa serotonini hukupa angalau fununu ya kasi ya matumizi, na hauhitaji panya mwingine hata mmoja.

Tochi ya simu. Dakika chache zinatosha kuharibu. David Klein na Joan Weller walionyesha mwaka 1972 kwamba panya anapomulikwa usiku, utendaji wa kile kimeng'enya cha pineali hupungua kwa nusu ndani ya dakika tatu hivi. Zaidi ya hapo, mwanga wa mwanzo wa usiku huichelewesha saa ya ndani na mwanga wa mwisho wa usiku huiwahisha, hivyo panya waliomulikwa kwa nyakati tofauti wanaweza kuanza kupishana wao kwa wao. Taa nyeupe ya simu ina buluu nyingi, yaani rangi ileile ambayo melanopsini huipenda. Ukilazimika kuingia gizani, tumia taa hafifu ya rangi nyekundu iliyokoza, kwa muda mfupi na kwa vizimba vyote sawasawa. Wazo kwamba panya haoni kabisa mwanga mwekundu si sahihi. Huuona kwa udhaifu, na taa nyekundu yenye nguvu humwathiri. Kagua pia upenyo chini ya mlango na vijitaa vya mashine zilizomo chumbani.

Sasa takwimu. Kama wanyama wa makundi yote mawili wangetawanyika katika saa mbalimbali, ungeweza kuiingiza saa katika hesabu na kutenganisha mchango wake. Kwako haiwezekani, kwa sababu hakuna hata panya mmoja wa kundi linganishi aliyepimwa alasiri, wala mmoja wa kundi la dutu aliyepimwa asubuhi. Ukimjua panya alikuwa kundi gani, umeshaijua saa yake. Programu ya takwimu itakupa namba ukiilazimisha, lakini namba hiyo itakuwa imejengwa juu ya dhana yako mwenyewe. Takwimu haziongezi taarifa ambayo jaribio halikuikusanya.

Njia zilizobaki hazilingani kwa gharama wala kwa faida. Unaweza kuyaripoti matokeo kama yalivyo, ukieleza kasoro waziwazi na kuyaita ya awali. Ni uaminifu, ila tasnifu inayosimama juu yake peke yake itakuwa dhaifu. Mimi ningechagua kurudia jaribio kwa dirisha moja fupi la saa, tuseme kati ya saa ya 4 na saa ya 6 ya mwanga, kwa kupokezana: panya mmoja wa kundi linganishi, mmoja wa dutu, mmoja wa kundi linganishi, mpaka mwisho, na kazi ikigawanywa katika siku mbili au tatu iwapo mikono ni michache. Kila siku iwe na makundi yote mawili. Hapo utajibu swali ulilouliza tangu mwanzo, yaani iwapo dutu inabadilisha serotonini, walau kwa saa hiyo.

Ukitaka kujua iwapo dutu inabadilisha mdundo wenyewe, hilo ni swali jingine na lina bei yake. Wengi hujaribu kuokoa wanyama kwa kupima mara mbili, mchana na usiku, na hapo ndipo wanaponaswa. Chukua kemikali ambayo kilele chake ni saa 12 jioni na kiwango chake cha chini kabisa ni saa 12 asubuhi. Ukiipima saa 6 mchana na saa 6 usiku utapata thamani mbili zinazokaribiana sana, na utaandika kwa ujasiri kwamba haina mdundo, kumbe mara zote mbili umeikuta katikati ya safari, mara moja ikipanda na mara moja ikishuka. Kipimo cha kila saa nne kwa siku nzima ndicho cha chini ninachokiamini, yaani nyakati sita. Kwa panya sita katika kila wakati na makundi mawili, umeshafika panya 72. Sidhani kwamba swali lako, kwa sasa, linahalalisha idadi hiyo.

Maikrodayalisisi hupunguza idadi ya wanyama kwa kuwa kichujio chembamba hupandikizwa katika ubongo na mnyama yuleyule hutoa sampuli, mathalani kila dakika 20 au 30, mchana na usiku. Tena hupima kilichotolewa nje ya seli, si kilichohifadhiwa. Inadai upasuaji, mkono uliozoea na mashine yenye uwezo wa kupima kiasi kidogo mno, na si ujuzi wa kujifunza kwa maandishi. Pia tahadhari na maneno utakayotumia: tofauti uliyoiona chini ya taa zinazowaka na kuzimika inaweza kuwa imeletwa na mwanga wenyewe. Ili kuiita kazi ya saa ya ndani, ni lazima uione ikiendelea katika giza la mfululizo. Humo nako kuna mtego, kwani panya wadogo wengi wana siku iliyo fupi kidogo kuliko saa 24. Mnyama mwenye siku ya saa 23.6 atakuwa ametangulia kwa saa nne baada ya siku kumi gizani, na saa ya ukutani haitamhusu tena.

Kuhusu kuugeuza usiku wa panya kuwa mchana wa binadamu, kanuni hiyo hufaa kwa baadhi ya mambo na hupotosha kwa mengine. Kotikosteroni ya panya hufikia kilele jioni na kotizoli ya binadamu alfajiri, kila moja kabla ya muda wa mwenyewe kuamka, hivyo hapo kugeuza kunafaa. Melatonini haigeuki: hupanda gizani kwa panya anayehangaika na kwa binadamu anayelala vilevile. Hata vile vishada vya haipothalamasi huwa na mipigo mingi zaidi mchana kwa wanyama wa mchana na kwa wanyama wa usiku. Kinachotofautiana ni jinsi sehemu nyingine za mwili zinavyoitafsiri amri yao. Usiandike, basi, sentensi yoyote inayopendekeza saa ya mtu kutumia dutu hiyo, na ikiwa wewe au jamaa yako anaitumia kwa sababu ya kukosa usingizi, huyo amwone daktari. Matokeo ya panya 24 hayamhusu.

Kabla ya kurudia jaribio, wapo watu wa kuonana nao ana kwa ana. Mtakwimu aione ratiba yako ikiwa bado karatasini, kwa kuwa baada ya kuua wanyama hana la kukusaidia. Kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama inapaswa kuidhinisha idadi mpya na kuelezwa kwa nini ya kwanza haikutosha. Usiogope kulisema hilo. Ukitaka kubadilisha ratiba ya taa ili ufanye kazi mchana wakati panya wako gizani, zungumza kwanza na daktari wa wanyama wa kituo, kisha wape panya angalau wiki mbili wazoee kabla ya kipimo chochote. Na kama ulihifadhi plazma (sehemu ya maji ya damu) ya wale 24, ipime kotikosteroni, ukikumbuka kwamba damu iliyochukuliwa zaidi ya dakika tatu hivi baada ya mnyama kushikwa huonyesha pia hofu yake. Ukikuta kundi la alasiri liko juu, hutaweza kujua kama ni saa, fadhaa au dutu, lakini utakuwa na kielelezo cha kumwekea mtahini katika sura ya mapungufu, na sababu ya kuiombea kamati jaribio la pili.